Ng'ombe Hununuliwa Mchana

Usukumani ng'ombe hununuliwa mchana. Mnunuzi hufika mnadani jua likiwa bado la upole, akazunguka bila kuuliza bei. Humtazama mnyama akitembea na akisimama. Humfungua kinywa akaangalia meno, hushika nundu, hukagua kwato na chuchu, kisha huuliza ametoka kwa nani na mama yake alizaa mara ngapi. Kama ni ng'ombe wa mahari kazi huwa nzito zaidi, maana wazee wa upande wa binti huwakagua mmoja mmoja, na anayekataliwa hurudishwa bila mtu kununa. Nimeyaona hayo Misungwi na Magu tangu utoto wangu, na sijaona hata siku moja mtu akichekwa kwa kurudi nyumbani jioni na fedha zake zote.

Watu hao hao wakija mjini Mwanza kununua gari lililokwisha kutumika, humaliza shughuli kwa nusu saa. Gari lenye thamani ya zizi zima! Hulizunguka mara moja, hupiga teke tairi, husikiliza honi, wakahesabu noti. Jambo hili limenisumbua kwa miaka mingi. Wapo wasemao kwamba ni ushamba wa mashine. Mimi sikubali, kwa sababu nimewaona wahandisi wenye shahada wakifanya vivyo hivyo, na kwa sababu historia ya nchi yetu inaonyesha kwamba aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia kwa hasara kubwa kupita wote hakuwa mkulima wa pamba. Alikuwa ni serikali ya Uingereza.

Kisa hicho ni cha mpango wa karanga. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 Bwana John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, alitumwa na wenzake wawili kuchunguza kama karanga zingeweza kulimwa huku kwa wingi. Wakazunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi na taarifa ya kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Waziri wa chakula, Bwana John Strachey, akaipokea kwa mikono miwili. Mwanzoni mwa mwaka 1947 kikosi cha kwanza kilikuwa kimekwisha kufika Kongwa, karibu na Mpwapwa.

Hapo ndipo ilipoanza habari inayotuhusu. Matrekta mapya hayakupatikana, kwa kuwa viwanda vya dunia vilikuwa ndiyo kwanza vinatoka vitani. Mtu mwenye subira angengoja. Lakini mafuta yalitakiwa upesi, na wanasiasa walikuwa wamekwisha kuahidi. Basi wanunuzi wakaenda kwenye malundo ya mali ya jeshi iliyoachwa na vita, Misri na hata Ufilipino, wakanunua matrekta na matingatinga yaliyokwisha kutumika na kulala nje kwenye mvua na jua. Yalipofika Kongwa na kukutana na vichaka vya miiba, mizizi migumu na udongo unaokauka ukawa kama saruji, yalianza kufa moja baada ya jingine. Vipuri havikuwapo, na kabla ya mwaka 1947 kwisha sehemu kubwa ilikuwa imelala. Mwaka huo walikuwa wamekusudia kupanda ekari 150,000. Wakapanda ekari 7,500 hivi. Hata vifaru vya kijeshi viligeuzwa kuwa matrekta, navyo havikufua dafu. Mpango ulifungwa rasmi mwanzoni mwa mwaka 1951, na hasara yake ilifika kiasi cha paundi milioni 36, fedha ambazo kwa wakati ule zingejenga reli na shule nyingi sana. Si mashine peke yake zilizouangusha. Mvua na udongo navyo vilichangia. Lakini matrekta yale yalikuwa dalili ya maradhi yenyewe, yaani haraka.

Sisemi haya ili tuwacheke. Vijana wengi wa Kiafrika walijifunza udereva na ufundi kwa kuyafungua na kuyafunga matrekta yale mabovu, na hakuna shule ya ufundi ipitayo mashine iliyokataa kuwaka.

Huku kwetu ziwani gari lilikuja kwa njia nyingine. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na tangu hapo pamba ikawa na mlango wa kutokea. Wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa na vinu vya kuchambulia pamba ndio waliokuwa na malori ya kwanza kwanza. Baadaye wakulima wakajiundia vyama vyao. Bwana Paul Bomani na wenzake wakaviunganisha, na mwaka 1955 ukazaliwa ule muungano mkubwa uliojulikana kama Victoria Federation. Ushirika nao ukanunua malori na Land Rover zake. Gari la enzi hizo liliingia likiwa jipya, likasajiliwa, likapewa dereva, na kila mtu kuanzia Geita hadi Nansio alijua ni la nani.

Kisha ikaja miaka ya uhaba. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 nchi ilichagua kutumia fedha za kigeni kwa mashine, dawa na mabasi kabla ya magari ya watu binafsi. Shirika la umma, State Motor Corporation, lilishika uagizaji wa magari, na kupata kibali cha kununua gari jipya kulihitaji sababu, cheo au bahati. Mafuta yakapanda bei duniani mwaka 1973, na tena mwaka 1979. Ulikuwapo wakati ambapo magari ya binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana ili kuokoa petroli. Vita vya Kagera vilipozuka mwaka 1978, magari mengi ya mashirika na ya watu yalichukuliwa kupeleka askari na vyakula mbele, na yaliyorudi yalirudi yakichechemea.

Mimi nilikuwa karani wa pamba katika miaka hiyo, na nataka niseme jambo ambalo vijana hawalijui. Gari kuukuu la wakati ule lilikuwa ghali mno, lakini lilikuwa na wasifu. Peugeot ya daktari fulani ilijulikana mji mzima. Tulijua iligonga ng'ombe Magu mwaka gani, tulijua injini ilifunguliwa na fundi yupi, tulijua kwamba mlango wa nyuma wa kushoto ulitoka kwenye gari la padri. Siku daktari alipotaka kuiuza, mnunuzi hakuhitaji kufungua boneti. Aliuliza tu watu wa mtaani, kama vile mnunuzi wa ng'ombe anavyouliza habari za mama yake. Hatukuwa wajanja kuliko watu wa leo. Magari yalikuwa machache, na mji ulikuwa na kumbukumbu.

Kumbukumbu hiyo ilianza kufutika mwaka 1984. Katika bajeti ya mwaka ule serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana walizipataje. Mwaka uliofuata Mzee Ali Hassan Mwinyi akashika urais, watu wakamwita Mzee Ruksa, na mwaka 1986 nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Vitu vikarudi madukani. Na pamoja na sabuni na vitenge yakaja magari: kwanza pikapu na malori, kisha magari madogo, mengi yakitoka Japani, na mengine mengi yakipitia Dubai.

Kwa nini Japani? Wajapani huendesha kushoto kama sisi, hivyo usukani uko upande wetu. Tena wana sheria ya ukaguzi ambayo humtoza mwenye gari fedha nyingi: gari jipya la kawaida hukaguliwa likifikisha miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Wengi huona ni nafuu kuliuza kuliko kulipeleka kwenye ukaguzi mwingine. Gari ambalo kwa Mjapani limekwisha kuwa mzigo, kwa mtu wa Mwanza lilikuwa bado bikira. Ilikuwa neema, na sitaki kuikana. Wagonjwa walifika Bugando wakiwa hai kwa sababu ya magari hayo.

Lakini angalia kilichobadilika. Gari likawa rahisi, na likaja bila wasifu. Limeandikwa maandishi tusiyoyasoma, limetembea barabara tusizozijua. Limeshuka Dar es Salaam, na kutoka hapo hadi Mwanza limepanda behewa la reli, au limeendeshwa. Na kuendeshwa kwenyewe kulikuwa safari ya ajabu, maana kwa miaka mingi barabara ya kupita Singida na Shinyanga ilikuwa mbaya kiasi kwamba hata mabasi ya Dar es Salaam yalizunguka Kenya, kupitia Sirari na Nairobi. Hakuna mtu mtaani wa kumwuliza. Aliyebaki wa kuulizwa ni dalali.

Mchumi wa Kimarekani, George Akerlof, alikwisha kulieleza tatizo hili mwaka 1970 katika makala ambayo majarida kadhaa yaliikataa kabla halijatokea moja la kuichapa. Huko kwao gari bovu huitwa limau. Alisema hivi: muuzaji analijua gari lake, mnunuzi halijui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hutoa bei ya katikati, si ya gari zuri wala si ya gari bovu. Mwenye gari zuri huiona bei hiyo ni ya matusi, akaliondoa gari lake sokoni. Mwenye bovu hufurahi akabaki. Mwishowe soko hujaa malimau. Mwaka 2001 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Nilipoisoma hoja hiyo nilifikiri kwamba mzee yeyote wa mnada wa Misungwi angeielewa mara moja, kisha angeuliza: kwani hao wanunuzi wa Marekani hawafungui kinywa?

Katikati ya miaka ya tisini mashirika ya umma yalipunguza wafanyakazi kwa maelfu. Mtoto wa baba yangu mdogo, aliyekuwa amefanya kazi ya mashine katika kiwanda kimoja kwa zaidi ya miaka 20, alipewa kiinua mgongo chake. Hakuwa amepata kushika fedha kama zile, wala hakutazamia kuzishika tena. Kila aliyepunguzwa wakati ule alikuwa na wazo moja kati ya mawili: duka au pikapu. Yeye akachagua pikapu, ili abebe dagaa kutoka mwaloni Kirumba. Dalali alimwambia kwamba gari limetoka bandarini juzi, na kwamba kuna mtu wa Bukoba anakuja kesho asubuhi na fedha taslimu. (Mtu huyo wa Bukoba amekuwa akija kesho asubuhi kwa miaka 30 sasa. Wakati mwingine ni wa Musoma.) Mkewe alimwuliza swali moja tu: "Baba watoto, aliyekuwa nalo amelichokea nini?"

Lilikuwa swali la mnadani, na hakuna aliyelijibu.

Pikapu ilifanya kazi kwa muda usiofika miezi minne. Gia zilianza kulia, kisha zikakataa. Fundi alipofungua alikuta oili nzito iliyochanganywa na unga wa mbao, ambao hunyamazisha meno yaliyolika kwa majuma machache, muda unaomtosha muuzaji kuhama mtaa. Walipoipandisha juu wakakuta chesisi imeliwa na kutu. Gari lile halikuwa limetoka bandarini juzi. Lilikuwa limebeba samaki na barafu kwa muda mrefu mahali fulani pwani ya ziwa, na maji ya barafu yaliyochanganyika na damu na chumvi yalikuwa yakidondoka chini siku zote, huku juu likipakwa rangi mpya. Binti yao mkubwa alikuwa kidato cha pili. Mwaka uliofuata hakurudi shuleni, na ndugu yangu alikwenda kuvua kwa mtumbwi wa mtu mwingine akiwa na miaka karibu 50. Ninapoandika juu ya subira, huwa namfikiria binti yule, ambaye hakuwapo gari liliponunuliwa.

Miaka michache baadaye mambo yaligeuka upande mwingine. Fedha za sangara zilikuwa zimejaza Mwanza magari, na ghafla Jumuiya ya Ulaya ikazuia samaki wa Ziwa Victoria, mara ya mwisho na kali zaidi ikiwa mwaka 1999, kwa kuhofia sumu iliyotumiwa na wavuvi waovu. Viwanda vikapunguza kazi. Niliona pikapu nzuri, zenye wenyewe wanaojulikana, zikitolewa kwa bei ya kuhurumiana. Waliokuwa wamengoja, fedha zao zikiwa zimekaa, walinunua mwaka ule magari yaliyowatumikia miaka 10. Sijui kama niiite hekima au bahati. Nadhani bahati haikuwa na kazi kwa mtu ambaye fedha zake zilikwisha kuliwa na wa Bukoba.

Siku hizi mji umejaribu kujitengenezea kumbukumbu mpya, na njia mojawapo inanichekesha. Tangu zilipokuja namba zinazoanza na T na kumalizikia kwa herufi tatu, watu huliita gari kwa herufi ya kwanza kati ya hizo: namba A, namba B, C, D, na sasa E. Namba D ilipanda bei kuliko namba C hata kama yote mawili ni Toyota IST zilizotengenezwa mwaka mmoja. Herufi hiyo huonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Haisemi lilitengenezwa lini, wala limetembea kilometa ngapi. Kenya imezuia kuingiza magari yaliyopita miaka 8. Sisi huyapokea hata ya zamani zaidi na kuyatoza ushuru wa uchakavu. Kwa hiyo namba E inaweza kuwa mzee aliyevalishwa shati jipya. Na ule mshale wa kilometa, mafundi wa umeme huurudisha nyuma kwa dakika chache.

Kumbukumbu ya makaratasi ni bora zaidi, kwa anayeivumilia. Kadi ya gari isomwe kwa namba ya chesisi na ya injini, mtu akiwa amepiga magoti na tochi, si kwa rangi na jina tu, kwani mpaka wa Sirari umewahi kupitisha magari yaliyoibwa pande zote mbili. Itazamwe kama kadi yenyewe ipo au imewekwa rehani mahali. Siku hizi madeni ya faini za barabarani hujulikana kwa kuingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi. Mkataba uandikwe mbele ya mwanasheria, na jina libadilishwe Mamlaka ya Mapato. Yote hayo huchukua siku mbili tatu, na muuzaji asiyetaka kungoja siku mbili tatu amekwisha kusema jambo.

Lakini chombo chenyewe hakina budi kuulizwa pia. Nina rafiki, fundi wa Nyakato, mzee mwenzangu. Yeye hakubali kukagua gari lililokwisha kuwashwa. Hulitaka likiwa baridi, asubuhi, maana injini yenye moto huficha maradhi. Hufungua kifuniko cha oili. Akikuta ute wa rangi ya chai ya maziwa, anajua maji yameingia, akafunga na kunawa mikono. Akiliwasha hutazama moshi: wa bluu ni oili inayoungua, mweupe usiokwisha ni maji. Huinua zulia la sakafuni na kunusa. Hugonga bodi kwa kifundo cha kidole, kwa sababu bati na puti havitoi sauti moja. Hutazama ardhi mahali gari lilipolala.

Kisha, katika miaka iliyopita, alikuwa na mtihani wake mkubwa. Alimwomba muuzaji waende wote hadi kivuko cha Kigongo, wavuke kwenda Busisi na kurudi. Anayeijua foleni ya Kigongo anaelewa. Gari lilisogea hatua tatu, likasimama, likasogea tena, jua likiwaka, na kama rejeta ilikuwa mbovu au gasketi imechoka, lilichemka hapo hapo mbele ya wauza mahindi. Klachi iliyolika ilinuka. Baadaye kulikuwa na kushuka kwenye mteremko wa kuingia kivukoni, ambako breki ya mkono huonekana kama ipo au ni pambo, na wakiwa majini fundi aliongea na muuzaji taratibu, saa nzima na zaidi, juu ya mambo mengine kabisa. Aliniambia kwamba mara mbili muuzaji alikataa safari hiyo tangu mwanzo, na mara moja alikiri mwenyewe katikati ya ziwa.

Mwaka 2025 lilifunguliwa daraja la Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, refu kama kilometa 3, na sasa mtu huvuka kwa dakika chache. Hakuna asiyeshukuru, hasa mwenye mgonjwa. Fundi wangu hulalamika kidogo, kwa mzaha. Siku hizi humpeleka mnunuzi kwenye mlima wa Bugando. Katikati ya mlima huzima injini, huvuta breki ya mkono, hushuka na kumwambia mnunuzi naye ashuke, na wote wawili husimama kando ya barabara wakiliangalia gari.